Je, Wajua? Maswali Hayangoji Dripu Iishe

Je, wajua kwamba kwa kila mtu anayekufa kwa kujiua, wapo wengine zaidi ya 20 waliojaribu wakabaki hai? Makadirio hayo ni ya Shirika la Afya Duniani (WHO), ambalo huhesabu vifo zaidi ya 720,000 kwa mwaka duniani kote, karibu robo tatu yake katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Waliokufa wana matanga yao. Safu ya leo ni ya waliobaki: yule aliyefikishwa hospitali, akafungwa jeraha, akatundikiwa dripu, na sasa amelala anatazama dari huku ndugu zake wakigombana nje ya wodi nani aingie kwanza.

Wajua Mzenga? Ni kata ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani, nchi ya Wazaramo, ya mihogo na mikorosho. Reli ya TAZARA inapita huko, na barabara inayotoka Mlandizi kwenda Maneromango nayo inapita huko. Kwa hiyo mtu wa Mzenga akizidiwa, ndugu wana njia mbili za kuchagua: wampeleke Kisarawe mjini kwenye hospitali ya wilaya, au watokee Mlandizi, waingie Barabara ya Morogoro hadi Tumbi, Kibaha, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Njiani anaweza kupitia zahanati, kisha kituo cha afya, na kila mahali akaulizwa jina, umri na kama ana bima. Swali la nini kimemfikisha hapo laweza kuruka vituo vyote, kila mmoja akidhani mwenzake ameshauliza.

Je, wajua kwamba Tumbi ilizaliwa ndani ya mradi wa shule? Mwaka 1963 nchi za Nordic na Tanganyika zilianzisha pale Kibaha mradi wa elimu, kilimo na afya kwa pamoja. Serikali iliupokea mwaka 1970, ukawa Shirika la Elimu Kibaha, na hospitali ikakua pembeni ya madarasa. Leo Tumbi inajulikana zaidi kwa majeruhi wa ajali za barabarani. Majeruhi tunaowazungumzia hapa huingia kwa mlango uleule, ila wakati mwingine familia imeshakubaliana njiani kwamba mgonjwa "aliteleza".

Wajua kazi inayotakiwa kufanyika pale kitandani inaitwaje? Tathmini ya kisaikolojia na kijamii. Jina ni refu kuliko kazi yenyewe. Ni mazungumzo ya faragha kati ya mhudumu aliyefunzwa na mgonjwa aliyejidhuru, kujua nini kilitokea, nini kilitangulia, alikusudia nini, anajisikiaje sasa hivi, kama aliwahi kujaribu huko nyuma, kama ana maradhi au maumivu ya muda mrefu, kama anakunywa, nyumbani kuna nani, nani anamtegemea, nani anampiga, deni ni la nani. Na kuna upande mwingine ambao wengi huusahau: nini kimemweka hai mpaka leo. Mtoto mdogo, swala, kuku wake, shamba ambalo halijavunwa, mke aliyevumilia. Hayo nayo yanaandikwa.

Ngoja tukae hapa kidogo, maana watu hudhani mazungumzo haya ni kuuliza tu. Tuseme mgonjwa ni mzee wa miaka 60 na ushee, mkulima, yuko wodi ya wanaume. Muuguzi ni binti wa umri wa mjukuu wake. Akimwanza kwa "kwa nini umefanya hivi?" amekwisha kumpoteza, kwa sababu swali hilo mzee ameulizwa tangu alfajiri na kila aliyemshika mkono, na kila mara lilikuwa lawama. Binti anawaomba watoto wa mzee wakanywe chai. Anavuta pazia. Anavuta stuli na kukaa, hasimami juu ya kitanda kama hakimu. "Shikamoo, babu." "Marahaba." "Babu, hebu nisimulie jana ilivyokuwa, tangu ulipoamka." Mzee anaanza mbali: mvua, bei ya korosho, pikipiki ya kijana wake iliyokamatwa. Binti haandiki, anasikiliza. Hatimaye mzee anafika kwenye mkopo, ile mikopo ya kausha damu ambayo riba yake hupita mtaji kabla ya mwezi kwisha, na waliokuja kuchukua kitanda na godoro mbele ya wakwe. Hapo binti anauliza taratibu: "Na ulipofika pale, babu, ulitaka kufa, au ulitaka haya mambo yakome?"

Watu wengi hujibu: yote mawili. Jibu hilo halina uongo ndani yake, na ndilo linalompa mhudumu mahali pa kuanzia, kwa sababu mkopo una njia zake: kuna afisa ustawi wa jamii, kuna afisa maendeleo ya jamii wa kata, kuna mwenyekiti wa kijiji. Kifo hakina ofisi ya kukata rufaa.

Je, wajua kwamba maswali hayapaswi kungoja tiba ya mwili ikamilike? Taasisi ya NICE ya Uingereza, katika mwongozo wake wa Septemba 2022, inasema tathmini hii ifanyike mapema iwezekanavyo, sambamba na tiba. Inasema pia isicheleweshwe kwa kupima kiwango cha pombe mwilini. Kinachoangaliwa ni kama mtu anaweza kuzungumza. Sababu iko wazi kwa aliyewahi kulinda mgonjwa wodini. Dripu ikiisha, mgonjwa hudai kwenda nyumbani, ndugu wana aibu na wanataka kuondoka kabla jirani hajajua, kitanda kinatakiwa na mwingine. Dirisha lilikuwa wakati dripu inashuka.

Na ganzi je? Mwongozo wa awali wa taasisi hiyohiyo, wa mwaka 2004, ulitaka aliyejijeruhi apewe dawa ya maumivu na ganzi ya kutosha wakati wa kushonwa. Ukiona jambo hilo limehitaji kuandikwa kwenye mwongozo, jua kuna mahali watu walishonwa bila ganzi "wapate adabu".

Je, wajua kwamba kuulizwa tu kwaweza kuwa sehemu ya tiba? Nchini Uingereza, Nav Kapur na wenzake walifuatilia maelfu ya wagonjwa waliofika hospitali za vituo 3 baada ya kujidhuru, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Katika vituo 2 kati ya hivyo, waliofanyiwa tathmini walikuwa na uwezekano wa kurudia kujidhuru uliopungua kwa takribani asilimia 40 ukilinganisha na wasiofanyiwa. Kituo cha 3 hakikuonyesha tofauti yoyote. Nakipenda kituo hicho cha 3 kwa sababu kinatuzuia kushangilia mapema: utafiti wa kufuatilia hauthibitishi sababu, na tathmini iliyofanywa ili fomu ijae si lazima izae kitu.

Wajua hatari ni kubwa lini? Karibu na siku ya kuruhusiwa kuliko baadaye. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliokusanya tafiti 177 uliona kwamba ndani ya mwaka mmoja, wagonjwa takribani 16 kati ya 100 waliofika hospitali kwa kujidhuru walirudia, na kati ya 1 na 2 walifariki kwa kujiua. Ukiisoma hesabu hiyo kwa upande wa pili, zaidi ya 80 hawakurudia. Wanaosema "huyo ameshaamua, atarudia tu" wanasema kinyume cha takwimu.

Je, wajua kwamba kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani? Mapitio ya tafiti 13 yaliyochapishwa mwaka 2014 na watafiti wa London hayakuona ongezeko la mawazo hayo kwa walioulizwa. Mwongozo wa WHO kwa wahudumu wa ngazi ya chini, ule wa mhGAP uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2010, unawaambia waulize. Hata dodoso la sonona la PHQ-9, ambalo limetafsiriwa kwa Kiswahili na kupimwa hapa Tanzania, lina swali la 9 linalogusa jambo hilohilo: ndani ya wiki 2 zilizopita, je, umewahi kuona afadhali ufe au kufikiria kujidhuru? Katika maswali yote 9, hili ndilo ambalo mhudumu mwoga hulisoma haraka, macho yake kwenye karatasi.

Lakini wajua pia kwamba alama za madodoso hazitabiri nani atakufa? Joseph Franklin na wenzake walikusanya tafiti 365 za miaka 50 wakazichambua mwaka 2017. Walichokuta ni kwamba utabiri uliotegemea vihatarishi vilivyochunguzwa ulikuwa bora kidogo tu kuliko kurusha shilingi. Ndiyo maana NICE inakataza kutumia mizani ya kumpanga mgonjwa katika "hatari ndogo", "ya kati" na "kubwa" kisha kuamua nani apewe huduma. Katika makundi hayo, wengi wanaokufa baadaye hutoka kwenye "ndogo", kwa sababu ndiko walikorundikwa wengi. Ukienda hospitali ukaona mgonjwa wako amepewa alama 7 na kuruhusiwa, uliza: ni nani amezungumza naye?

Je, wajua hakuna ulazima awe daktari bingwa wa akili? Hii ndiyo habari njema kwa Kisarawe. Mwaka 1961 Uingereza ilipofuta kosa la kujaribu kujiua, hospitali zake zilielekezwa kwamba kila mgonjwa wa aina hii aonwe na daktari wa akili. Hawakutosha. Miaka ya 1970 wakaanza kujaribu watu wengine: Cambridge walijaribu madaktari wa kawaida wa wodi, London maofisa ustawi wa jamii, Oxford wauguzi. Waliofunzwa na kusimamiwa waliifanya kazi vizuri. Oxford hadi leo wana kumbukumbu za wagonjwa hawa zinazoanzia mwaka 1976, kazi ya Keith Hawton na timu yake, na sehemu kubwa ya maswali yale huulizwa na wauguzi. Tatizo letu la kungoja bingwa kutoka mjini lilishapatiwa jibu kabla wengi wa wasomaji wa safu hii hawajazaliwa.

Na kwetu je? Muhimbili wamo katika jambo hili muda mrefu. Mwaka 1997 Ndosi na Waziri walichapisha katika jarida la kimataifa utafiti wao kuhusu watu waliojaribu kujiua Dar es Salaam. Kabla ya hapo, miaka ya 1980, mpango wa taifa wa afya ya akili ulikuwa umeshajaribiwa Morogoro na Kilimanjaro kwa msaada wa WHO na Denmark, lengo likiwa kutoa huduma kwenye zahanati badala ya kuwasafirisha wagonjwa wote hadi Mirembe, Dodoma, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1927. Wazo hilo lingali sahihi.

Je, wajua kwamba kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai Tanzania Bara? Limo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, sheria ambayo mizizi yake ni ya enzi ya Mwingereza. Mwingereza mwenyewe alilifuta kwake mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Sisi tukabaki nalo kama koti la mgeni lililosahaulika kwenye kiti.

Majirani wameanza kulivua. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya alitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo kinapingana na Katiba. Waliofungua shauri walikuwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, chama cha madaktari wa akili cha nchi hiyo, na mwanaharakati mmoja aliyeijua adha hiyo kwa karibu. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka hata kijiweni: sheria inayomwadhibu mtu kwa kuugua inamfanya afiche ugonjwa. Ghana walifuta kosa hilo mwaka 2023, Malaysia mwaka huohuo, Pakistan na Guyana mwishoni mwa 2022.

Wajua PF3 haiulizi nini? Hii ndiyo fomu ya polisi ambayo kila Mtanzania aliyepigwa, aliyegongwa au aliyejeruhiwa anaijua. Daktari anaijaza: jeraha liko wapi, ni dogo au la hatari, limesababishwa na kitu gani. Ni fomu ya ushahidi. Haina mstari wa "anaishi na nani" wala "nani atakuwa naye usiku wa leo". Mgonjwa aliyejidhuru akiwa na karatasi hiyo tu mkononi, tunajua kila kitu kuhusu kidonda chake. Na askari akisimama mlangoni mwa wodi, usitegemee mzee wetu asimulie habari za mkopo.

Ndiyo maana ndugu hudanganya. Siwalaumu. Ila mhudumu akiandika "ajali ya nyumbani" kwa huruma, ameifunga pia njia ya rufaa: mgonjwa wa ajali haitiwi ustawi wa jamii.

Je, wajua wanaokwenda kwa mganga wanaweza kuwa ndio wenye mzigo mkubwa zaidi? Utafiti wa Ngoma, Prince na Mann uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha wagonjwa wa vituo vya afya na wa waganga wa jadi jijini Dar es Salaam. Kwenye vituo vya afya, wenye matatizo ya akili ya kawaida kama sonona na wasiwasi walikuwa asilimia 24. Kwa waganga walikuwa asilimia 48, mara mbili kamili. Uzaramoni hujui utapita wapi usimkute mganga, na mara nyingi ndiye aliyemsikiliza mgonjwa kwa saa nzima wakati zahanati ilimpa dakika 5. Mhudumu mwenye akili huuliza bila kukunja uso: "Na kwa mtaalamu mmeshapita? Alisemaje?" Jibu lake ni sehemu ya tathmini, na huyo mtaalamu ni mtu wa kushirikishwa katika kumfuatilia mgonjwa.

Wajua mtoto huulizwaje? Pamoja na mzazi, kisha bila mzazi. Sehemu ya pili ndiyo yenye habari.

Je, wajua kwamba daftari la mgonjwa linaweza kuwa kifaa cha kuokoa maisha? Barbara Stanley na Gregory Brown wa Marekani walitunga mpango wa usalama wenye hatua 6, wakauchapisha mwaka 2012. Mwaka 2018 walitoa matokeo ya wagonjwa 1,640 katika idara za dharura za hospitali za wanajeshi wastaafu: walioandika mpango huo na kisha kupigiwa simu walikuwa na matukio ya kujidhuru na kujaribu kujiua pungufu kwa asilimia 45 ndani ya miezi 6.

Mpango wenyewe hauhitaji kompyuta. Chukua lile daftari la kurasa 40 ambalo mgonjwa hununua dukani kabla ya kuingia zahanati, geuza ukurasa wa mwisho, andikeni pamoja, kwa maneno yake mwenyewe. Dalili zangu mawazo yanapoanza: silali, sitaki kula, najitenga na watu. Ninachoweza kufanya peke yangu: kutawadha na kuswali, kwenda kumwagilia bustani. Mahali pa kwenda nisikae peke yangu: kwa kaka, kijiwe cha bao. Wa kumwambia ukweli: dada, namba yake hii hapa. Wahudumu: muuguzi wa kituo, namba. Na hatua ya 6, ya kuifanya nyumba iwe salama: nani atatunza vitu vya hatari, na wapi. Hatua hii watu huiruka kwa sababu inatia aibu. Mhudumu mzuri humwita ndugu mmoja aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe, wanakubaliana mbele yake.

Kuhusu nyumba salama, je, wajua masanduku yenye kufuli hayakusaidia? Sri Lanka, zaidi ya kaya 53,000 za vijijini zilihusishwa katika jaribio kubwa. Nusu ya vijiji vilipewa masanduku ya kufungia viuatilifu vya shamba. Matokeo yaliyotoka mwaka 2017 hayakuonyesha faida. Kilichosaidia nchini humo ni serikali kuondoa sokoni viuatilifu vikali zaidi, kimoja baada ya kingine. Kiwango cha watu kujiua kilishuka kwa takribani asilimia 70 kati ya 1995 na 2015, na mavuno hayakuporomoka. Kwetu kazi ya kuamua kipi kiuzwe iko mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, makao yake makuu Arusha. Kwa hiyo ofisa wa kilimo Arusha ana mchango katika wodi ya Kisarawe, hata kama hajawahi kuiona.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo lingenifanya niandike safu hii hata kama mengine yote yangekatwa na mhariri. Wajua miadi 9? WHO iliendesha jaribio katika miji 5: Campinas (Brazili), Chennai (India), Colombo (Sri Lanka), Karaj (Irani) na Yuncheng (China). Wagonjwa 1,867 waliofika hospitali baada ya kujaribu kujiua waligawanywa. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu walipata mazungumzo ya saa moja karibu na kuruhusiwa, kisha wakafuatiliwa mara 9 kwa simu au kwa kutembelewa: wiki ya 1, ya 2, ya 4, ya 7, ya 11, kisha mwezi wa 4, wa 6, wa 12 na wa 18. Mfuatiliaji aliuliza hali, akasikiliza, akaelekeza pa kwenda palipohitajika. Basi. Baada ya miezi 18, waliokufa kwa kujiua katika kundi la huduma ya kawaida walikuwa asilimia 2.2. Katika kundi la miadi 9, asilimia 0.2. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008, na hakuna dawa mpya iliyotumika.

Colombo na Chennai si Ulaya. Ni miji yenye foleni za wagonjwa kama zetu.

Sasa chukua hesabu hiyo uipeleke Mzenga. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwapata 137,294 nchi nzima ndani ya miaka 5, wawili kwa kila kitongoji, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume. Tayari wanafuatilia wajawazito, chanjo na wagonjwa wa kifua kikuu wanaoacha dozi. Mtu anayejua kumfuata aliyeacha dawa za TB anajua kumfuata aliyejidhuru. Kinachokosekana ni barua ya rufaa inayosema: huyu karudi nyumbani Jumanne, mtembelee wiki ijayo. Hospitali za wilaya huandika barua za kupeleka mgonjwa juu kila siku. Za kumrudisha chini ni chache mno, na ndizo zenye kazi hapa.

Faragha nayo isisahaulike. Mhudumu wa kitongoji ni jirani, pengine shemeji. Mgonjwa aulizwe kabla ya kuruhusiwa nani aje kwake, na aje kwa kisingizio gani. "Nimepita kupima presha" hutosha kabisa kufungua mlango.

Wajua hata barua tu ilifanya kazi? Jerome Motto, daktari wa akili wa San Francisco, alichukua wagonjwa 843 waliokuwa wamekataa kuendelea na tiba baada ya kutoka hospitali. Baadhi aliwaandikia barua fupi za kuwajulia hali, bila kudai chochote, kwa miaka 5. Katika miaka 2 ya kwanza, vifo vya kujiua vilikuwa vichache zaidi kwa walioandikiwa. Alianza kazi hiyo enzi za stempu. Leo ujumbe wa simu wa "Shikamoo mama, ni mimi wa kituo cha afya, unaendeleaje?" ni shilingi chache tu.

Je, wajua kwa nini safu hii haikusimulia namna yoyote ya kujidhuru? Vienna, mwaka 1987, waandishi wa habari walipewa mwongozo wa kupunguza maelezo na vichwa vikubwa kuhusu matukio ya aina moja yaliyokuwa yakiongezeka mjini. Walipoufuata, matukio ya aina hiyo yalishuka haraka na kubaki chini. Baadaye, mwaka 2010, watafiti wa hukohuko wakaona kwamba habari za watu waliopita katika mawazo hayo na kupata njia nyingine zilikwenda sambamba na kupungua kwa vifo. Wahariri wetu wa kurasa za mbele, someni tena aya hii.

Mwisho, namba. Kwa mtoto au kwa jambo linalomhusu mtoto, piga 116, bure, mitandao yote Tanzania. Kituo cha simu cha Wizara ya Afya ni 199, nacho ni bure. Ukiwa na mtu aliye katika hatari sasa hivi, usimwache peke yake hata kwenda chooni. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, na ukifika usiseme ameteleza. Mwambie muuguzi ilivyokuwa, kisha umwombe akuruhusu ukanywe chai.